Kitambaa Kilichopanda Mti

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hapana, nimekosea. Mwaka wa mvua kubwa ndio ule ukuta wa uani ulipoanguka na mkewe Fundi akapanda michungwa mahali pake, na mchungwa si uyoga hata uzae kesho yake. Basi ilikuwa miaka mingi baadaye, mwaka ambao michungwa ile ilizaa mpaka matawi yakategemezwa kwa fito. Ndiyo, mwaka huo hasa, kwa sababu bila machungwa habari hii ingekosa miguu ya kusimamia.

Fundi alikuwa mtu wa suruali na makoti. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ndefu ya kukatia iliyolainika kwa viganja vyake, pasi ya mkaa aliyokataa kuitupa hata baada ya kununuliwa ya umeme, na kikapu cha vipande. Kikapu hicho ndicho kilichokuwa ugonjwa wake. Kipande cha kitambaa kikibaki, hata kiwe cha ukubwa wa ulimi, hakitupwi. "Kipande hakina kosa," alikuwa akisema, "kosa ni la asiyejua pa kukitia." Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kutwa nzima, na mkewe aliwaambia wageni kwamba siku moja mume wake ataoga nayo.

Shida ilianza na suruali ya dereva wa basi la shule. Kukata suruali, kwa asiyejua, ni hivi: unakunja kitambaa uso kwa uso, unachora mara moja, unakata tabaka zote mbili pamoja, na hapo unapata mguu wa kulia na wa kushoto unaotazamana kama viganja viwili. Lakini dereva alileta kitambaa kifupi kisichokunjika vizuri, Fundi akakitandaza wazi. Ukitandaza wazi, lazima ukumbuke kuigeuza karatasi ya kipimo kabla ya kuchora mguu wa pili. Hakuigeuza. Akakata miguu miwili ya kulia. Na kukata si ajabu sana, mkono wa mtu huteleza. Ajabu ni kwamba aliishona yote mpaka pindo, pale ilipokataa akailazimisha kwa pasi, akaitundika ukutani, na muda wote huo hakuona kitu.

Dereva aliivaa palepale. Akapiga hatua, akasimama, akajitazama.

"Fundi," akasema, "mguu huu unakwenda kazini. Huu mwingine umeshastaafu."

Waliokuwa kibarazani walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Fundi naye akacheka, kwani ukicheka pamoja nao angalau hutabaki peke yako. Lakini jioni hakula. Kosa lile ni la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na yeye alikuwa akikata suruali tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akaitandaza ile suruali mezani, akaitazama kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe na hakumbuki kuiandika.

Habari haina miguu lakini hufika. Binti yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya wazee, alifika mwisho wa wiki hiyo na mfuko wa matunda, akamwamkia baba yake kwa sauti ya juu kidogo, kama vile wauguzi wanavyowaamkia wagonjwa. Kisha akaingia jikoni kwa mama yake, na mlango ukarudishwa. Fundi alijua. Mlango wa jikoni ule haukuwahi kurudishwa tangu nyumba ijengwe, ulikuwa umevimba kwa mvuke.

"Mama, niambie ukweli. Ni suruali tu, au kuna mengine?"

Mkewe Fundi hakuwa mwanamke wa kusengenya mumewe. Lakini hata yeye moyo ulikuwa umemjaa. "Machungwa," akasema.

"Machungwa yamefanyaje?"

"Yanadungwa. Kila asubuhi naokota yaliyoanguka, na kila moja lina kitundu. Kidogo, cha mviringo, kama cha sindano. Pembeni mwa kitundu panaoza. Sasa mwanangu, katika nyumba hii nani anatembea na sindano?"

Upande wa pili wa mlango Fundi alikuwa amesimama akisikiliza, na pini mbili midomoni, mahali ambapo pini zake zilikaa siku zote.

Alizitoa akazitazama. Je, inawezekana? Mtu anaweza kwenda uani, akadunga chungwa, akarudi kukaa, asijue? Kama anaweza kushona suruali ya miguu miwili ya kulia asijue, basi chungwa ni kitu gani? Alitaka kufungua mlango apige kelele kwamba hajadunga tunda la mtu. Lakini hakuwa na hakika, na mtu asiye na hakika hana sauti.

Uamuzi ulitolewa mezani, kwa upole, na ndio ulioumiza. Ukali mtu hujibu. Upole unaujibu kwa kitu gani? Chumba cha mbele kipangishwe. Kuna kinyozi, kijana mstaarabu, anatafuta mahali. Cherehani ifunikwe shuka iwekwe chumbani. "Na wewe baba, sasa upumzike."

"Nipumzike," Fundi akarudia. Neno hilo alikuwa amezoea kulisikia makaburini.

"Kinyozi atakuja Jumamosi kuangalia. Hatujafunga mkataba. Ni kuangalia tu."

Basi zikabaki siku za katikati, kabla ya Jumamosi, na katika siku hizo ndipo kitambaa kilipopanda mti.

Ilikuwa asubuhi, umande bado haujakauka. Fundi alitoka kwenda uani na kikombe cha chai, akaenda hadi mchungwa wa karibu na bomba, mnene kuliko yote. Hakwenda kwa sababu yoyote. Labda alitaka kuhakikisha kwamba mikono yake haifanyi lolote ikifika pale. Akasimama, mkono mmoja na kikombe, wa pili nyuma ya mgongo kama askari. Na hapo akaona, kwenye shina, usawa wa kifua chake, kipande cha kitambaa.

Kilikuwa cha sufu, rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, na mistari myembamba ya mshazari, ncha tatu, ukubwa wa kola ya shati la mtoto. Kitambaa cha bei, cha koti la zamani. Fundi akashangaa. Hakuwa amekata sufu ya namna ile kwa miaka. Upepo umekitoa wapi? Akasogea. Akaona kwamba nyuzi zake hazikwenda sawa: nyuzi za kitambaa huenda wima na kulala, lakini hizi zilikwenda kama mishipa ya jani. Akasema moyoni, nani amefuma kitambaa cha kipuuzi hivi? Akanyoosha vidole viwili kukibandua, akitie kikapuni.

Kitambaa kikatembea.

Hakikuanguka, wala hakikupeperushwa, maana upepo haukuwapo. Kilitembea, kikapanda shina kiasi cha shubiri, kikasimama. Fundi hakuondoa macho. Aliapa baadaye, kwa kila aliyemsikiliza na kwa wachache waliokuwa hawamsikilizi, kwamba hakuondoa macho. Na bado, aliposogeza uso ili akione vizuri, hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na gome. Gome juu, gome chini, gome pale kilipokuwa. Akapapasa: gome. Chai ilikuwa imemwagika yote kwenye kiatu.

"Mama!" akaita.

Mkewe alitoka na mwiko mkononi. "Nini? Umeumia?"

"Kipande cha kitambaa. Kilikuwa hapa. Kimepanda mti."

"Kimepanda mti."

"Kwa miguu yake."

Mkewe akautazama mti, akamtazama yeye, akautazama mwiko. "Na kilikuaga?" akauliza. Lakini utani ule ulimfia midomoni, kwa sababu aliuona uso wa mumewe. Akamshika kiwiko taratibu. "Njoo ndani, mzee wangu. Uji umeiva."

Hapo ndipo Fundi alipoogopa kwelikweli. Katika ndoa yao yote mwanamke yule hakuwahi kumshika kiwiko. Alimsukuma, alimvuta shati, alimpiga kofi la bega akifurahi. Kiwiko hushikwa cha mgonjwa.

Akajifungia chumbani mwa kazi, akafikiri. Kama kile kitu kipo, basi yeye ni mzima, na akili iliyo nzima inaweza kuombewa nafasi. Kama hakipo, kinyozi na aje hata leo. Lilikuwa jambo la kipande kimoja tu. Akipate, akioneshe, yaishe.

Jirani yao wa kushoto alikuwa mwalimu wa sayansi, mama mpole mwenye miwani minene, na simu yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilijua mimea yote na wadudu wote: unapiga picha, inakutajia jina. Fundi alimngoja arudi kutoka shule, akamwita kupitia uwazi wa ua.

"Mwalimu, kuna kitu kama kitambaa kinatembea."

"Kitakuwa mdudu, Fundi. Wapo wanaojificha. Tuone."

Fundi alikuwa amekaza macho juu ya shina lile tangu mchana, na alikuwa amepaona mahali ambapo, kwa imani yake, gome lilikuwa nene kupita kiasi. Akaonesha kwa kidole. Mwalimu akainama, akasema yeye haoni, lakini akapiga picha. Simu ikafikiri. Ikajibu.

"Inasemaje?"

Mwalimu akakohoa. "Inasema: gome la mti."

"Piga tena. Karibu."

Akapiga karibu. Safari hii simu ikajivuna zaidi: ikasema ni mchungwa.

"Mchungwa naujua!" Fundi akasema kwa uchungu. "Nimeumwagilia mimi!"

"Pole, Fundi. Pengine ameshahama. Ukimwona tena niite hata kama napika." Mwalimu alisema hivyo kwa nia njema kabisa, ila wakati wa kuondoka naye alimgusa kiwiko.

Siku iliyofuata Fundi alikiona tena kitambaa chake. Kilikuwa pale pale kwenye shina la karibu na bomba, chini kidogo, na safari hii Fundi aliziona hata ndevu mbili nyembamba za kichwani, zilizolazwa nyuma. Akajua ni mdudu kweli. Akajua pia kwamba akigeuka kuita watu, atampoteza. Mtu wa kazi nyingine angefunika kwa kikombe, au angepiga kwa kandambili. Fundi alifanya kile mkono wake ulichojua. Alitoa chaki mfukoni, ile bapa ya kuchorea nguo, akamzungushia mstari mweupe, taratibu, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaacha hata nafasi ya mshono. Mdudu hakutikisika. Fundi akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, macho kwenye chaki.

"Mama! Njoo! Nimemchora!"

Mkewe akaja, akafika kwenye mti, akasimama na mikono kiunoni. Ndani ya mstari hapakuwa na kitu. Palikuwa na alama ya chaki tu, ya ncha tatu, safi, iliyopimwa, na nafasi ya mshono.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ndogo, "sasa umeanza kuushonea mti mfuko?"

Simu kwa binti ilipigwa kabla wali haujaiva.

Jumamosi ikafika. Binti alikuja na kinyozi, mwembamba, mchangamfu, nywele zake mwenyewe zikiwa zimekatwa mistari kama shamba lililolimwa kwa matuta. Akaamkia vizuri, akasifu meza, akasifu mwanga. Halafu akajipapasa mifuko.

"Samahani, mzee wangu. Nimesahau. Una futi niazime, nipimie mahali pa viti?"

Fundi akaivua shingoni akampa. Ilikuwa kama kumpa mtu jembe akuchimbie kaburi. Kinyozi akapima, akapima tena, akaandika kwenye kiganja.

"Unapima kwa upande wa inchi," Fundi akamwambia, "na unaandika sentimita."

"Lo! Asante mzee. Akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Na wewe kazi yako ni kuzipunguza," akasema Fundi. Kinyozi akacheka kwa moyo wote, na Fundi akakasirika zaidi, kwa kuwa alikuwa ameamua kumchukia na sasa kijana anampendeza.

Binti alimketisha baba yake kwenye kiti cha wateja. "Baba, nikuulize vitu vidogo tu, usichukie. Leo ni siku gani?"

"Leo ni siku ya kuhojiwa na mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo."

"Baba."

"Jumamosi."

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu, na kimoja kina rangi ya kucha iliyobanduka."

Binti akakificha kile kidole. "Na ule mti, baba? Kwa nini umeuchora?"

Fundi akamweleza. Alieleza vibaya, kama aelezavyo mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi: akaanza na sufu, akarukia chaki, akarudi kwenye simu iliyosema mchungwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa binti ulivyozidi kulainika, na kadiri ulivyolainika ndivyo maneno yake yalivyochanganyikana, hata mwisho yeye mwenyewe akajisikia kama anasikiliza mzee mwingine, mgonjwa, akiropoka, na akamhurumia.

"Sawa," binti akasema. "Nipeleke ukanioneshe."

Wakatoka wote kwenda uani. Binti mbele, mama nyuma yake, kinyozi akifuata na futi ya watu mkononi, Fundi mwisho kama mshtakiwa. Chaki ilikuwa bado inaonekana. Binti aliitazama, akavuta pumzi. Ili apate kitu cha kufanya, akainua mkono achume chungwa lililokuwa juu ya kichwa chake, na mkono wa pili akauegemeza kwenye shina.

Shina likafunguka. Ndivyo ilivyoonekana. Chini ya kiganja chake gome liliruka, na ndani ya gome mlikuwa na rangi: manjano iliyoiva kama kiini cha yai, na alama nyeusi mbili zilizopinda kama vishikio vya kikombe. Kitu kikapita usoni pake kwa mpigo wa mabawa unaosikika.

"Mamaaa!" binti akapiga ukelele, muuguzi wa miaka mingi yule, akakaa chini kwenye matope. Kinyozi alikuwa ameshafika jikoni.

"Nini hicho? Baba, nini hicho? Kimenigusa! Kina manjano!"

"Ndicho," Fundi akasema. Halafu akasita. "Sijui. Changu hakikuwa na manjano. Changu ni kahawia tupu."

Na kweli hakuwa amewahi kuona manjano. Basi ni kitu kile, au kingine? Kilikuwa kimetua kwenye nguzo ya zamani ya ua, wote walikiona kikitua, na kilipofunga mabawa wote walikipoteza. Wakaizunguka nguzo. Mwalimu, aliyesikia ukelele, akaja na miwani na simu. Kinyozi akarudi, akaapa kwamba ni kile kifundo cha juu, wakagusa, kifundo. Binti akasema ni ule ufa, wakagusa, ufa. Wakamgeukia Fundi.

Fundi akatazama nguzo. Akatazama juu mpaka chini. Hakuona kitu. Nguzo ilikuwa nguzo. Ilikuwa ndiyo nafasi yake, watu wote wamesimama, na macho yake yamemkimbia.

"Simwoni," akasema.

Mkewe akamsukuma pembeni kwa bega. "Ninyi mnatafuta mdudu," akasema. "Mimi natafuta kitambaa cha sufu, kahawia, mistari ya mshazari, kama alivyosema mwenyewe." Akapitisha kidole hewani, polepole, kama anayechagua nguo dukani. "Huyo hapo. Pembe yake hiyo. Kuna mahali mistari ya mbao inakwenda wima na yake inakwenda upande. Leta chaki."

Akamzungushia mstari, mbaya, wa kutetemeka, na chaki ilipokutana na chaki, wote waliona kwa pamoja, wakasema "Aaa!" kama watu waliowashiwa taa. Mdudu alikuwa ametulia ndani ya mstari, mkubwa, mzuri, koti lake limefungwa.

Mwalimu akapiga picha. Simu safari hii ilikubali kwamba ni nondo, wa jamii ya wale wanaozunguka taa, lakini ikatoa majina matatu na kusema chagua. Mwalimu akarudi kwake, akaja na kitabu kikubwa chenye jalada lililotoka, akalaza ukurasa karibu na nguzo. "Huyu jike, si huyu. Huyu ana doa jeupe, huyu wetu hana. Huyu... ngoja." Wakangoja. "Nadhani ni huyu. Nondo mtoboa matunda. Mchana hujibandika mahali panapofanana naye, giza likiingia huamka. Wengine hunyonya maua, huyu ana mrija mgumu, wenye meno mwishoni. Anatoboa ganda la chungwa, ananyonya maji. Tundu lenyewe dogo, kama la..."

"La sindano," mkewe Fundi akasema.

Kisha akamgeukia mumewe na kumpiga kofi la bega, la nguvu, la zamani.

Kwa mtu mwingine mambo yangeishia hapo. Nondo yupo, matundu yana mwenyewe, kinyozi aende zake. Na kweli binti, akijifuta matope, alisema, "Basi baba, nisamehe. Macho yako ni mazima kuliko ya simu." Kinyozi akarudisha futi, akaikunja vizuri, akasema kutafuta chumba si vita, akapata mahali mtaa wa pili na mpaka leo ndiye anayemnyoa Fundi.

Lakini Fundi hakufurahi kama walivyotarajia. Alirudi chumbani, akaitoa suruali ya dereva chini ya kikapu, akaiweka mezani. Nondo alijibu swali la machungwa. Hii hakuijibu. Miguu yote miwili bado ilikuwa ya kulia.

"Na hii?" akamwuliza binti yake.

Binti akaigeuza huku na huku. "Sijui, baba," akasema, na safari hii hakutumia sauti ya wodini.

Akampeleka hospitali ya macho. Daktari akasema jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, mchanga, wa kungojwa tu. "Ndiye aliyenikatisha suruali?" Fundi akauliza. Daktari akacheka, akasema mtoto wa jicho hufifisha, hageuzi kulia kuwa kushoto. Pengine ulichoka, mzee. Pengine ulikuwa na mawazo. Pengine ndio mwanzo wa jambo, pengine si mwanzo wa chochote. Fundi alirudi na pengine hizo zote mfukoni, hakujua aishike ipi.

Chumba kilibaki chake, kwa sharti moja la binti: mkasi usiguse kitambaa mpaka mama aangalie kwanza. Mkewe alilalamika kwamba ameolewa na mume, si na meza ya kukatia. Lakini kila kitambaa kinapotandazwa yeye huja na mwiko wake, huinama, husema, "Hii kulia. Hii je? Geuza. Haya, kata." Mara nyingi Fundi ameshageuza. Siku moja moja, hajageuza. Wote wawili huona, na Fundi huigeuza karatasi.

Nondo alikaa uani mpaka machungwa yakaisha. Mkewe alitaka kumpiga, Fundi akamwomba. Asubuhi alikuwa akienda kumtafuta na chai yake, siku nyingine humpata, siku nyingine hutazama shina zima arudi. Hakuwahi kumkuta juu ya ukuta mweupe, wala juu ya bomba, wala juu ya jani bichi. Siku zote ni juu ya gome, au nguzo kuukuu, na, ukiacha siku ile ya kukurupushwa, mistari yake imelazwa kufuata mistari ya mti, kama mfuko ambao fundi mwenye heshima ameulinganisha na mistari ya koti.

Jambo hili likamkaa kichwani. Akamwuliza Mwalimu kupitia ua.

"Mwalimu, mteja akivaa koti haoni mgongo wake. Ndiyo maana hunigeukia akauliza, Fundi, nyuma pakoje? Bila fundi hajui. Au siyo?"

"Ndiyo."

"Sasa huyu nondo. Hajawahi kuuona mgongo wake tangu azaliwe."

"Ni maumbile, Fundi," Mwalimu akasema, lakini akavua miwani akaifuta, akakaa muda mrefu anaifuta.

Akamwuliza binti yake, binti akasema baba kunywa chai. Akamwuliza daktari wa macho siku ya kurudi, daktari akamwita mgonjwa anayefuata. Akamwuliza kinyozi akiwa amefungwa shuka shingoni, kinyozi akasema mzee usitikise kichwa. Akamwuliza mkewe, wamekaa kwenye meza ya kukatia, kitambaa kimetandazwa kati yao na hakijaguswa na mkasi.

Nondo hauoni mgongo wake, na hana wa kumwuliza nyuma pakoje. Basi alijuaje kwamba anafanana na mti?